Shingo ya Winfrida

Mimi nina wivu, na sioni haya kulisema. Mke wangu Winfrida ana ualbino, ni fundi cherehani hapa Buzebazeba, na kila asubuhi kabla sijawasha pikipiki nilikuwa nampaka mafuta ya kukinga jua shingoni, kwa nyuma. Uso na mikono alijipaka mwenyewe. Kisogoni mkono wake unafika lakini macho hayafiki, na mwaka juzi daktari alimkata kidonda karibu na sikio, akatuonya kwamba kingine kikitokea huenda kisu kisitoshe. Kwa hiyo kazi ile ilikuwa yangu. Niliiringia. Hakuna mwanamume mwingine mji huu aliyeijua shingo ile.

Siku moja mvua ikanilaza Kalinzi nilikopeleka abiria. Niliporudi kesho yake saa nne, nilimkuta Winfrida barazani kwenye cherehani yake, mgongo umeelekea barabarani, shingo imepakwa mafuta mpaka nyuma ya masikio. Imepakwa vizuri kuliko ninavyopaka mimi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Nani kakupaka?"

"Bariki," akajibu, macho kwenye kitambaa. "Jua lilishatoka na Elia keshaenda shule. Nikamwomba."

Bariki ni dobi, anapiga pasi kwenye baraza ya jirani. Kijana mtanashati, hana mke, viganja vyake laini. Vyangu vimeota sugu kwa kushika pikipiki.

"Basi mama Elia, kama umepata fundi, awe anakupaka huyohuyo."

"Baba Elia, ni mafuta tu."

"Mafuta tu!" Nikapiga kiki, nikaondoka.

Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye kigoda, tyubu mapajani, akinisubiri. Nikajifanya nakagua mnyororo wa pikipiki, kisha nikaenda zangu. Siku ya pili akasubiri tena. Siku ya tatu hakusubiri, na mimi nikapata jibu nililokuwa nalitafuta: kumbe kweli ana wa kumpaka! Nilibeba abiria siku nzima nikiviona vile viganja laini. Nilimchukia Bariki, nikayachukia mpaka mashati aliyonyoosha.

Siku ya sita nikashindwa kuvumilia. Niliegesha pikipiki kwenye kibanda cha mihogo ng'ambo ya barabara, nikavizia. Bariki alikuwa anapiga pasi, amempa mgongo mke wangu. Winfrida alikuwa anashona, kanga ameizungusha shingoni hadi masikioni, na joto lote lile. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajisemea. Anaficha kitu. Nikavuka barabara.

"Mwakeye, kaka Erasto!" Bariki akanisalimu.

Nikaishika kanga, nikaivuta.

Winfrida akapiga ukelele. Shingo ilikuwa nyekundu, imevimba, malengelenge mengine yamepasuka na kugandana na kanga. Nyuma ya sikio, pembeni kidogo ya kovu la daktari, ngozi ilikuwa imechanika.

"Bariki hakukupaka?" nikauliza kipumbavu.

"Nilimkataza siku ileile. Nilimwambia mume wangu hapendi." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini sauti haikutetemeka. "Nikawa najipapasa mwenyewe. Palipofika mafuta pamepona. Huku hayakufika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikaa na tyubu siku mbili, baba Elia. Ulitaka nikuambie nini?"

Nikampakia kwenye pikipiki, nikaendesha polepole mpaka zahanati. Nesi, mama mmoja wa makamo, akamsafisha taratibu, akaitazama ile sehemu ya nyuma ya sikio kwa muda mrefu. Akasema lazima daktari aione wiki hiyohiyo. Kisha akanigeukia.

"Nani humpaka huku nyuma?"

Winfrida alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua anasikiliza.

"Mimi," nikasema.

"Na siku hizi zote?"

Nikaanza kuikunja kanga ya Winfrida. Nesi akavua glovu, akazitupa kwenye ndoo.

"Baba, kama wewe huwezi, mtafutie mtu mwingine. Huyu hawezi kukosa hata siku moja."

Wivu ulinirudia palepale, mkali kuliko siku zote sita. Viganja vile nikaviona tena.

"Yupo," nikasema. "Jirani yetu. Anajua kupaka kuliko mimi."