Injini Ndogo ya Zuleka

Zuleka, muuza nyama wa Kinoru, alikuwa na gari dogo la rimoti linalotumia mafuta ya nitro. Mvua zilipoisha alilitoa kabatini, akakuta injini imekwama. Akalipeleka kwa Gitobu, fundi wa pikipiki.

Gitobu akaifungua. "Beringi zimeshika kutu, dada. Uliiweka na mafuta ndani?"

"Niliiweka tu, fundi."

"Mafuta haya huvuta unyevu. Ukimaliza kucheza, yaache yaishe yote, kisha utie matone ya oili."

Wakasafisha pistoni pamoja, wakabadilisha beringi. Zuleka mwenyewe akavuta kamba ya kuwashia. Injini ikalia, gari likachomoka, na Gitobu, baba wa watoto wanne, akalikimbiza akicheka.

"Nipe rimoti, dada! Nipe na mimi!"