Amina Kwenye Mdomo wa Tangi

Watu wote walikuwa wamefumba macho isipokuwa yule mgeni. Najua kwa sababu nilichungulia. Ni aibu kuchungulia katikati ya maombi unayoyaongoza mwenyewe, lakini udadisi ni maradhi yangu ya siku nyingi. Mafundi walikuwa wamevua kofia ngumu na kuzishika kifuani. Mgeni alikuwa na yake kichwani, na macho yake yalikuwa kwenye mdomo wa tangi, tundu jeusi ambalo mtu huliingia bega moja kwanza, kisha jingine.

Nikasema amina. Wakaitikia. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akavaa kofia na kushika ngazi.

"Samahani, kaka," mgeni akamwambia. "Nani amekuambia uingie?"

Shemeji akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Si tumeshaomba?"

Kiwanda chetu kilikuwa cha mafuta ya kupikia. Kazi za hatari, kama kusafisha matangi, walipewa wakandarasi, na mimi nilikuwa mmoja wa wasimamizi wao. Nilifika hapo kwa njia ndefu. Nilianza kwa kufagia, nikaenda stoo, kisha nikaingia masomo ya jioni nikiwa na umri wa kukaa dawati moja na watoto wa rafiki zangu. Jioni moja mwalimu wa sayansi alifunika mshumaa kwa glasi. Mwali ukafifia, ukazimika. Nikauliza, "Hewa imekwenda wapi, na glasi haina tundu?" Darasa likacheka. Kengele ikalia kabla mwalimu hajajibu. Nilirudi nyumbani na swali langu, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake kama mtu anavyoshukuru kwa chakula.

Mwaka ule wa mgeni, meneja aliamua kwamba sisi wasimamizi tupate mafunzo ya usalama kabla ya usafi mkubwa wa matangi. "Wewe ndiye mwenye maswali," akaniambia. "Chagua mkufunzi."

Walikuja wawili. Wa kwanza alivaa tai, akatuonyesha ukutani picha za mitambo ya mbali, safi kama sahani za wageni, akatuahidi vyeti vyenye fremu. Wenzangu walivipenda vile vyeti hata kabla ya kuviona. Nami nilivipenda. Nyumbani kwangu kulikuwa na msumari niliokwisha kuupigilia ukutani, unasubiri.

Wa pili ndiye huyu mgeni, mwanamke wa makamo mwenye buti zilizochubuka. Hakutuonyesha picha. Aliomba tu aje asubuhi, asimame nasi tunapoanza kazi. Nilikuwa nimemwomba Mungu anionyeshe yupi wa kuchagua. Sikudhani angenijibu wakati mimi bado naongea.

"Hewa ya humo ndani imepimwa?" mgeni akauliza.

Mkandarasi, bwana mnene tuliyemwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake, akatunyooshea kidole. "Tangi ni la kiwanda. Kiwanda ndicho kinapima."

"Wanaoingia ni watu wako," fundi wa kiwanda akamjibu. "Kipimo tunacho ofisini. Hujawahi kukiomba."

"Basi huwa mnajuaje kwamba ni salama?"

Kipaza akashusha sauti, jambo la nadra, akanitazama mimi. "Mama huyu hazembei. Tulijua hawezi kuomba kabla ya kukagua."

Wote wakanigeukia. Nilitaka kucheka, cheko likagoma. Mimi nilikuwa naomba kwa sababu nilijua wao wameshakagua. Amina yangu ilikuwa imegeuka kibali, na mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuwahi kuliuliza.

Fundi akaleta kipimo, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, akakifunga kamba na kukiteremsha tangini. Kikaanza kulia kabla hakijafika katikati, sauti nyembamba kama ya kifaranga aliyepotea. Akakivuta juu, kikanyamaza. Akakiteremsha tena, kikalia tena. Shemeji akaondoa mkono kwenye ngazi, akaufuta kwenye suruali, ingawa haukuwa na kitu.

"Mshumaa," nikasema.

"Unasemaje, dada?"

Nikamweleza mgeni habari ya glasi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Hewa haikwenda popote," akasema. "Ile sehemu yake inayotuweka hai ililiwa na moto. Humu imeliwa na mabaki yanayooza. Tangi bado limejaa, lakini si kwa kitu ambacho mapafu ya huyu yanakitaka." Akamwonyesha shemeji kwa kidevu, taratibu, kama anayemtambulisha kwa wenyeji.

Feni kubwa ilipuliza tangi lile mpaka mchana. Hakuna aliyeingia kabla kipimo hakijanyamaza.

Nikaenda kwa meneja, nikamwambia nimemchagua wa pili.

"Amewafundisha nini?"

"Bado hajaanza."

Akavuta karatasi ya mkataba, akasaini.

Tulijifunza mengi kwa yule mama: nani amuulize nani, na kwamba hata mgeni kazini ana haki ya kusema simama. Siku ya mwisho nikamuuliza, kwa woga kidogo, kama niache kuomba pale tangini.

"Uache kwa nini?" akasema. "Hiyo amina ihamishe tu. Iwe baada ya kipimo."

Siku hizi nimestaafu. Ule msumari ulipata cheti chake cha masomo ya jioni, hakina fremu. Jumapili mdogo wangu na mumewe huja kula kwangu. Kila nikiinamisha kichwa kuombea chakula, shemeji hukohoa.

"Umepima?"

Wajukuu hucheka bila kujua wanachokicheka. Naye mdogo wangu, anayejua, huweka mkono kwenye bega la mumewe na kuuacha hapo. Mimi nachukua kijiko, naonja mchuzi. Kisha ndipo tunapofumba macho.