Msimu Ukiisha Nitakujibu

Methodi hakuwa mtu wa uongo, na Caritas mkewe angekuapia hivyo mbele ya mchungaji. Lakini mwaka ule, tangu Julai, alijificha nyuma ya timu ya besiboli kama mtoto anavyojificha nyuma ya kitenge cha mama yake, akidhani haonekani.

Mambo yalianza siku Florida, binti yake mkubwa, aliporudi nyumbani Shively, pembeni mwa Louisville, na habari kwamba amepata kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya Buffalo. Buffalo! Mji wa theluji, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka Louisville, na ukoo wao haukuwa na mtu hata mmoja huko. Caritas alipiga vigelegele, akamkumbatia mtoto, akambariki papo hapo. Methodi alitazama televisheni.

"Baba, unasemaje?" Florida aliuliza.

"Msimu ukiisha nitakujibu."

Alimaanisha msimu wa timu yake, timu ya Louisville, inayojiita Popo. Ndiyo, popo. Kanisani walimsema sana kwa hilo: Mrundi mzima, aliyebatizwa, kushangilia mnyama wa wachawi! Yeye aliwajibu kwamba popo ni mwenzake. Ndege wanamkataa kwa sababu ana meno, wanyama wanamkataa kwa sababu ana mabawa, na mtu aliyezaliwa Mrundi akalelewa kambini Tanzania anaijua habari hiyo bila kusimuliwa.

Sasa, Florida alikuwa mtu mzima. Alikuwa na leseni, gari na cheti chake ukutani. Angeweza kuondoka siku yoyote. Lakini katika nyumba ile mtu haendi safari bila mkono wa baba kichwani, na Methodi alilijua hilo vizuri, akalitumia vibaya. Mwezi Agosti Popo walipoanza kushinda mfululizo, hila yake ikaota mizizi. Hospitali ilitaka jibu la mwisho Jumatano ya wiki ya mwisho ya Septemba. Popo wakiingia fainali, msimu ungevuka Jumatano hiyo, kazi ingekwenda kwa mwingine, na Methodi hangekuwa amesema hapana. Besiboli ndiyo ingesema.

Caritas alimsoma kama kitabu. "Mama yako alikuruhusu wewe," alimwambia jioni moja akikaanga ndizi. "Wewe unashindwaje kumruhusu wa kwako?"

"Mama alikuwa na moyo mgumu," Methodi alijibu. "Siku tunapanda basi kutoka Nyarugusu, yeye amebaki, aliimba na kucheza mpaka mwisho. Hakudondosha hata chozi. Mimi sina moyo huo."

Hilo lilikuwa jeraha lake la siku nyingi. Kadi ya ukimbizi ya mama yake, Rakeli, ilikuwa tofauti na ya kwao, kwa hiyo majina yao yalisomwa kwenye orodha ya kuhamia ng'ambo na la kwake halikusomwa. Pale kambini waliosomwa walisindikizwa. Jirani alikuja, hata yule aliyesubiri miaka kumi bila kuitwa, akaimba mpaka kwenye mlango wa basi. Rakeli aliimba kuliko wote. Alifariki kambini kabla jina lake halijafikiwa, na Methodi alibaki na picha ya mama anayecheka huku mwanawe anaondoka milele. Hakuwahi kuielewa.

Tuirudie timu. Popo walikuwa na mrushaji mmoja, kijana mwembamba kutoka visiwa vya kusini, ambaye Methodi alimwita Mrefu. Jamani, kijana yule! Methodi alikwenda uwanjani mara ya kwanza kwa tiketi ya bure ya pale ghalani anapofanya kazi, akifuata soseji, na hakuelewa chochote mpaka alipomwona mtu akirusha mpira. Tangu hapo aliwaona warushaji wengi, lakini Mrefu alikuwa kitu kingine. Mpira ulitoka mkononi mwake ukielekea kifuani mwa mpigaji, mpigaji akainua gongo lake kwa uhakika, na kumbe mpira umeshaanguka magotini na kuingia kwenye glovu ya mdakaji. Mpigaji alibaki akiutazama upepo. Kila mara Methodi alishika kichwa. Mungu ameumba mikono ya kila namna, alisema, lakini huu aliushughulikia Yeye mwenyewe.

Na hapo palikuwa na hofu yake. Timu za Louisville, Columbus na Buffalo ziko ngazi moja chini ya ligi kubwa, na kila moja ni shamba la timu kubwa ya mji mwingine. Wewe unapalilia, mwenzio anavuna. Mchezaji akiiva, simu inapigwa, anakwenda, na nyinyi mnabaki na wabichi. Kwa hiyo kila Mrefu aliporusha vizuri, Methodi alishangilia kwa mdomo huku moyoni akiomba simu isipigwe.

Jumapili ya mwisho kabla ya Jumatano hiyo Popo walicheza ugenini, Columbus. Wakishinda, fainali. Wakishindwa, nafasi inakwenda kwa timu ya Buffalo. Methodi alipolisikia jina hilo redioni aliona kama anafanyiwa makusudi. Florida aliomba kumpeleka kwa gari lake, naye akakubali kwa aibu. Njia nzima binti hakuitaja kazi. Alimnunulia baba kahawa, akamwekea kwaya anayoipenda, na wema huo ulimchoma Methodi kuliko maneno.

Walipofika Columbus walimpitia Bagula mtaani Northland, karibu na maduka ya Kiafrika ya Morse Road. Bagula alikuwa Mshi wa Kongo, jirani yao wa Nyarugusu, mtu wa kucheka kwa sauti ambaye jina lake lilisomwa miaka miwili baada ya la Methodi. Sasa alikuwa shabiki wa Columbus mpaka kwenye kofia.

"Bon, muzee, leo hii popo yenu tunaichoma na kuitia chumvi," alisema akiingia kwenye gari. "Timu iko na mutu moja tu. Akitoka, donc, mumekwisha."

"Hatoki," Methodi alisema.

"Baba yako alishaoa hii besiboli," Bagula alimwambia Florida, na Florida akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Ilikuwa mchana wa jua, uwanja umejaa, nyasi zimekatwa vizuri mpaka mtu anaona haya kuzikanyaga. Mrefu alianza kazi. Columbus walikuja mmoja mmoja na magongo yao, wakarudi mmoja mmoja vichwa chini. Zamu ya kwanza kati ya tisa, ya pili, ya tatu, hakuna aliyemgusa. Popo wakapata pointi moja. Zamu ya tano ilipopita, hata Bagula alikuwa ameivua kofia na kuiweka magotini. Watu wa Columbus walianza kunong'ona kama watu waliomo kanisani. Methodi alisikia ngozi ikimsisimka. Alijua anatazama jambo ambalo mtu huliona mara moja, akalisimulia mpaka wajukuu wachoke.

Kisha katikati ya zamu ya sita kocha akatoka.

Alitembea polepole mpaka kwa Mrefu, akauchukua mpira mkononi mwake, akamwambia neno sikioni. Mrefu akajifunika uso kwa glovu.

Methodi aliruka. "Ana wazimu! Anamtoa mtu anayeshinda? Amelipwa na nani?" Alikuwa akipiga kelele kwa Kirundi, Kiswahili na Kiingereza cha ghalani, vyote pamoja.

"Dad," Florida alimshika mkono. "Hakuumia. Tazama wanavyofanya. Ameitwa ligi kubwa."

Kule kwenye benchi Popo walikuwa wamemzunguka Mrefu. Walimkumbatia kwa zamu, wakimpiga mgongoni, wengine wakicheka na kulia. Na wote wale walijua, kama Methodi alivyojua, kwamba mchezo unaondoka naye na fainali inaondoka naye. Wa mwisho alikuwa mdakaji, jitu la ndevu zenye mvi ambalo Methodi alilibatiza Babu, aliyekaa kwenye ligi hii miaka yote bila kupigiwa simu hiyo hata siku moja. Babu alimnyanyua Mrefu juu kama mtoto, akamzungusha, akapiga kelele za furaha zilizosikika mpaka kwao. Habari ikapita kiti kwa kiti, na watu wa Columbus, maadui, wakasimama. Uwanja mzima ukasimama ukimpigia makofi kijana aliyekuwa akiwaaibisha tangu mwanzo wa mchezo.

Methodi aliduwaa, mikono imekufa ubavuni. Hasira ilimtoka, na badala yake ikaja hofu tamu, ile ya mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu.

Mrefu alipotea kwenye mlango wa ndani. Makofi yakaisha, watu wakakaa. Methodi bado alikuwa akimtazama Babu. Wakati wenzake wakijipanga upya, Babu alikwenda pembeni mwisho wa benchi, akakaa peke yake, akavuta taulo akajifunika kichwa chote. Mabega yake makubwa yalikuwa yakitikisika.

"Vile ndiyo mama yako alifanyaka," Bagula alisema.

Methodi akageuka. "Mama yangu alicheza."

"Alicheza, ndiyo. Wewe ulikuwa mu basi, ungeona nini? Aliimba mpaka ile gari ikapita kizuizi, mpaka vumbi ikashuka. Halafu akaanguka palepale mu njia. Tulimubeba, mimi na wengine, kama mugonjwa. Siku tatu hakukula. Akatukataza kukuandikia. Akasema, 'Mutoto wangu asiende na machozi yangu mu muzigo.'" Bagula alijifuta uso kwa kofia ya Columbus. "Nilizani unajua, muzee."

Methodi aligeukia uwanja. Hakuona vizuri zamu zilizobaki. Babu alisimama, akavaa glovu yake, akarudi kudaka, na mrushaji mpya, maskini, alirusha mipira ambayo Columbus waliipiga walivyotaka. Popo walishindwa vibaya. Ubao mkubwa ukaonyesha kwamba Buffalo wanakwenda fainali, watu wakaanza kutoka, na Methodi alikuwa bado akimfikiria mwanamke mfupi mwenye kitenge cha kijani, anayeimba kwa nguvu zote ili mwanawe asigeuke nyuma. Miaka yote hii alimwita mwenye moyo mgumu. Kumbe hakuwahi kuona nguvu kubwa kama ile, hata kwa Mrefu.

Florida alikusanya makopo yao. Hakumtazama baba yake. "Msimu umeisha, Baba," alisema, kwa Kiswahili.

"Umeisha."

Alisimama pale katikati ya viti, akaweka mkono wake mzito juu ya nywele za binti yake zilizosukwa, akambariki safari na kazi na baridi ya Buffalo. Kisha akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa Rakeli wa kwenye mlango wa basi, na sauti yake ilikuwa mbaya, imekwaruzwa na kelele za mchana. Waliokuwa wakitoka waligeuka. Aliimba akishuka ngazi, akaimba kwenye lango, akicheza kidogo kwa mabega, akicheka, na Florida alitembea mbele yake akilia hadharani.

Kwenye maegesho, Florida alipotangulia kufungua gari, Methodi alimshika Bagula mkono.

"Siku akiondoka, uje Shively."

"Kumuimbia?"

"Kuimba nitaimba mwenyewe," Methodi alisema, bado akitabasamu upande wa binti yake. "Wewe uje unibebe."