Bibi Alivyolala kwa Niaba ya Mjukuu

Nyapara wa ujenzi haachi unyapara wake kazini. Ulipobaki mwezi mmoja binti yake afanye mtihani wa mwisho, aliikalisha familia sebuleni akagawa kazi kama anavyowagawia vibarua. Binti, waliyemwita Daktari tangu ana meno ya utoto, asome tu. Mama yake afue sare na kupiga pasi. Yeye mwenyewe atachota maji. Ikabaki kazi moja ambayo haikuwa na mwenyewe: kulala.

"Saa nane kila siku zinapotea bure," alisema Nyapara. "Mama, hizo nakupa wewe. Utalala kwa niaba yake."

"Mimi nilale, yeye apumzike?" aliuliza Bibi.

"Si familia moja? Akila mmoja, wote wameshiba."

"Mbona wewe nikila mimi hushibi?"

Lakini hakubisha sana. Kazi gani nyingine duniani hufanywa chali? Akapanda kitandani, na Daktari akakaa pembeni yake akisoma kwa sauti, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili asisinzie.

Siku ya nne Bibi, ambaye shule aliijua kwa nje tu, aliamka akaomba uji, kisha akaeleza damu inavyozunguka mwilini, mshipa kwa mshipa. Wiki ya pili akamweleza mkwewe kwa nini sabuni yake haitoi povu, na mkwe akaacha kufua akamsikiliza. Bibi alifurahi kupita kiasi. Miaka yote hiyo alikuwa mtu wa kuitikia wenzake wakisema, na leo wanamwitikia yeye.

Daktari, kwa upande wake, alikuwa amekwisha. Alipiga mswaki kwa dawa ya viatu. Aliuamkia mlango, akasubiri ajibiwe. Baba yake alipomuuliza moyo una vyumba vingapi, alijibu viwili: sebule na choo cha nje.

Nyapara akakuna kidevu. Kwake yeye kazi ikizorota dawa ni kuongeza vibarua, kwa hiyo akamwamuru na mkewe alale. Nyumba ikakoroma kwa sauti mbili, na Daktari akazidi kuwa mtupu.

Alasiri, siku moja kabla ya mtihani, binti alisimama kando ya kitanda, kitabu amekishika juu chini. Alikuwa analia.

"Bibi, nimesoma. Nimesoma mpaka macho yanauma. Haviingii."

Bibi alijua kwa nini haviingii. Sura ya saba ilisema wazi, na yeye alikuwa ameilala yote: mtu akilala ndipo akili inapopanga ilichosoma. Masomo ya mtoto yalikuwa yamepangwa, ila katika kichwa kingine. Akaogopa. Kumrudishia usingizi wake ni kumrudishia na yaliyokuja nao. Kwa kitambo kidogo alimwonea wivu mjukuu wake mwenyewe, na akaona haya.

Akashuka. "Panda."

"Ni zamu yako, Bibi. Baba atasema."

"Baba yako nimemzaa mimi. Panda."

Akaweka kigoda mlangoni, akakaa, mwiko mkononi. Nyapara alipokuja kuulizia kazi, aliutazama mwiko akakumbuka ya utotoni, akaondoka. Bibi hakufumba jicho, wala hakumruhusu mkwewe afumbe. Mjukuu alikuwa akivuta pumzi taratibu, na kila pumzi ilimchukulia Bibi kitu. Majina ya mifupa yalitangulia. Ikafuata sabuni, kisha damu na mishipa yake yote, mpaka akabaki na kigoda na mwiko.

Asubuhi Daktari aliondoka macho makavu, anatembea kama mtu anayejua aendako. Mchana alirudi anacheka. Kila swali alilijibu, akaanza kumsimulia Bibi moja baada ya jingine.

Bibi alitikisa kichwa, akaitikia ndiyo, ndiyo, kama zamani. Halafu akashindwa. Machozi yakamtoka.

"Sielewi hata moja," alisema. "Na nilikuwa nayajua."

Daktari akaenda kukileta kitabu, akakaa chini karibu na miguu yake, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Polepole," alisema Bibi akipangusa macho. "Na tukimaliza naenda kulala mwenyewe. Asinisaidie mtu."