Kikapu cha Kahawa Kilichonipita

"Leo umepewa kahawa?"

Jirani yangu Placidia aliniuliza hivyo kisimani, hata sijatua mtungi. Hakuuliza nimeamkaje wala habari za nyumbani. Nikamwambia, "Nisalimie kwanza, mtu mzima wewe." Akacheka, akanisalimia, kisha akauliza tena vilevile.

Sikuwa nimepewa.

Kahawa aliyoitaja si ya kunywa. Kwetu Karagwe kahawa huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa, ikawekwa katika kikapu kidogo chenye kifuniko, nayo hutafunwa. Mgeni akifika hupewa hiyo kwanza, maneno baadaye. Mimi nilifanya kazi pale Omurushaka, nyumbani kwa Mzee Yustasi, tangu nilipofiwa na mume wangu. Kila asubuhi baada ya sala mke wake, Eustadia, alizungusha kikapu kwa wote waliokuwapo, wa nyumbani na wa kazi. Ukishachukua punje zako, siku yako imeanza na mahali pako papo. Hakuna aliyewahi kutueleza hivyo, lakini sote tulijua. Asubuhi ile kikapu kilimfikia mchukuzi wa magunia, kikanipita mimi, kikafunikwa.

"Basi wamekwisha kukuambia," akasema Placidia.

"Hawajaniambia neno."

"Kokwijuka, unangoja waje na tarumbeta?"

Mambo yalianza na saruji. Mzee Yustasi alikuwa mnunuzi wa kahawa na tena mzee wa kanisa, kwa hiyo nyumba yake haikukosa wageni. Kazi yangu kubwa ilikuwa nyasi. Kila Jumamosi nilipanda kilimani, nikakata nyasi laini, nikarudi kufagia zile zilizokauka na kutandika mpya sebuleni, mpaka mgeni akavua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Mwaka ule lori likaleta mifuko ya saruji kutoka Bukoba. Fundi akamwaga sakafu, watu wakaja kuishangaa. Placidia naye alikuja. Akaitazama, akaninong'oneza kwamba ingefaa sana kuanikia kahawa.

Jumamosi ya kwanza nikafanya kosa. Nilikata nyasi kama siku zote, nikazitandika juu ya ile saruji. Niliona aibu wageni wa Jumapili wakute sebule tupu, baridi, kama baraza la kushtakiana. Eustadia alikuja, akasimama mlangoni, akashika kiuno.

"Kokwijuka! Umeifunika sakafu yangu?"

"Nimeitandikia, mama."

"Katandikie ng'ombe!"

Nikazitoa zote, nikazipeleka migombani. Huko nilicheka peke yangu, maana hata mimi niliona nilivyochekesha. Lakini tangu hapo kazi ya Jumamosi ikaisha, na za siku nyingine zikafuata moja moja. Kumenya ndizi akapewa mwingine. Nikileta maji, naambiwa yapo. Nikimwamkia Eustadia asubuhi, ananiitikia huku akitazama kuku. Na sasa kikapu.

Utaniuliza kwa nini sikufunga mkeka wangu nikaondoka. Marehemu mume wangu alitoka Nyakatuntu. Alipokufa, mdogo wake alikishika kibanja chake cha migomba, akataka kunishika na mimi pamoja nacho, niwe mke wa pili. Sikujaliwa mtoto wa kunisemea. Lakini ndoa yangu nilifunga kanisani. Nikakataa, nikatoka na mkeka na kitabu cha nyimbo. Kurudi kule kulikuwa kurudi chini ya mkono wake.

Mlango mwingine ulikuwa mmoja tu. Mwinjilisti Rwegasira wa Nyakakika na mkewe Anatolia walitafuta mama wa kukaa na wasichana waliokuwa wakifundishwa pale wabatizwe. Anatolia alinijua, akanitaka mimi. Ila mumewe alituma neno: "Sichukui mtu aliyetoroka nyumba ya mzee mwenzangu. Aje ameagwa vizuri." Sikumlaumu. Mjane akiondoka kimya, watu hawaulizi alitendewa nini. Wanauliza amechukua nini.

Kwa hiyo nilihitaji neno la Yustasi, na Yustasi hakutaka kulitoa. Yeye ndiye aliyesimama kanisani akatufundisha kuwatunza wajane. Akinifukuza, watu watamsema. Nikitoka mwenyewe, mikono yake safi. Tukakaa hivyo, yeye akiingoja miguu yangu, mimi nikiungoja mdomo wake.

Siku moja nikamfuata ghalani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naona kazi yangu imekwisha. Kama mnataka niende, uniambie tu, niende kwa amani."

Akashika gunia, akalibonyezabonyeza kana kwamba ndilo lililosema. "Nani amekufukuza, Kokwijuka? Mimi nimekufukuza?"

"Hapana, baba."

"Basi kaa."

"Nikae nikifanya nini?"

"Kaa tu. Umenyimwa chakula?"

Kweli chakula sikunyimwa. Nikamshukuru, nikatoka.

Placidia alipolisikia hilo alipiga kofi. "Utakaa mpaka uote mizizi kwenye saruji! Ondoka leo, mama. Njoo ulale kwangu."

"Nikilala kwako, kesho watasema nini?"

"Waseme! Midomo ni yao."

"Jina ni langu."

Jambo lile nikalipeleka kwa Mungu. Sikuomba Eustadia anipende, wala saruji ipasuke, ingawa hilo la saruji lilinijia kidogo. Niliomba aniondolee hasira. Nilijijua: kwa hasira ningetoka kwa mlango wa nyuma nikilia, nao wangepata walichotaka.

Jumapili moja wazee wa kanisa wakaalikwa kuiombea nyumba kwa ajili ya sakafu ile. Mwinjilisti Rwegasira alikuja kwa baiskeli kutoka Nyakakika. Asubuhi, kabla hawajafika, nilifunga mkeka wangu na kitabu ndani yake, nikauegemeza ukutani nje, karibu na mlango wa mbele. Sikujua bado nitasema nini. Nilijua tu kwamba siku ile nalala Nyakakika au nalala kwa Placidia, lakini pale silali.

Wageni wakaketi kwenye viti, miguu wameikusanya wasichafue. Sala ikaisha. Eustadia akanitia kikapu mkononi. "Zungusha," akasema, kwa sauti tamu ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi.

Nikazunguka, nikimpigia magoti kila mzee niliyemfikia. Saruji ni baridi kwa magoti, hilo hawakuliombea. Nikafika kwa Yustasi. Akachukua punje zake, kisha akapaza sauti ili wote wasikie: "Na wewe chukua, Kokwijuka. Hapa ni kwenu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, wameridhika na moyo wake mwema.

Nikakitazama kikapu. Nikichukua, nimekubali mbele ya mashahidi kwamba mahali pangu papo, na kesho asubuhi kitanipita tena.

"Asante, baba. Leo sichukui. Kahawa ya nyumba hii ni ya mtu anayeanza kazi, na mimi ninamaliza."

Eustadia akauliza, "Anasema nini huyu?"

"Ninaaga, mama." Nikamgeukia Yustasi, bado nimepiga magoti. "Baba, ulinipokea nilipofiwa, na hilo sitalisahau. Naomba unisemee mbele ya wazee. Kuna jambo nimekukosea? Kuna kitu cha nyumba hii kimepotea mikononi mwangu?"

Akamtazama mkewe. Akaitazama sakafu yake.

"Hapana," akasema, kwa sauti ndogo.

Rwegasira akasogeza kiti mbele. "Umesemaje, mzee mwenzangu?"

"Nimesema hapana! Hajanikosea. Hajachukua kitu."

"Basi unamuaga kwa amani?"

Yustasi akamaliza kutafuna kahawa yake.

"Namuaga kwa amani," akasema.

"Tumesikia," akasema Rwegasira.

"Na wazee ambao hawajapata?" Eustadia akaniuliza. "Nani atazungusha?"

Nikakifunika kikapu, nikakiweka mapajani mwake kwa mikono miwili, nikasimama. Nikapita katikati ya sebule, juu ya saruji, mpaka mlango wa mbele. Nikachukua mkeka wangu ukutani, nikaushika kwapani, nikaishika njia ya Nyakakika.