Moyo Unaozorota

Daktari alimwambia mshonaji kwamba moyo wa mumewe unazorota, akaandika dawa, akaita mgonjwa mwingine. Mama wa watu akatoka akitikisa kichwa. Mumewe alikuwa kwenye benchi la nje, amekumbatia fimbo yake.

"Kasemaje?"

"Eti moyo wako unazorota. Mimi nilijua unakoroma usingizini tu, kumbe na moyo nao!"

Mume alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa mtangazaji wa habari redioni hadi alipostaafu, na neno hilo alilisoma miaka nenda, miaka rudi: uchumi umezorota, huduma zimezorota. Saa hizo mkewe alikuwa kwenye cherehani, hasikii la mwadhini wala la mtangazaji.

"Kuzorota, bibie," alisema taratibu, "ni kitu kilichokuwa kikienda vizuri kuanza kurudi nyuma. Hakivunjiki kwa siku moja. Kinapungua, kinapungua, mpaka..."

Mshonaji aliketi kando yake, kicheko kimemkauka.

"Nguo haizoroti," alisema.

"Nguo huchakaa. Rangi ndiyo hufifia."

"Na mtu?"

"Mtu huzeeka. Kinachozorota ni afya yake, hali yake. Mimi mwenyewe sizoroti. Mimi nipo."

"Basi kaa hapo hapo ulipo, baba," alisema, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka mfagizi akawaomba wainue miguu.

Siku ile ile mshonaji aliwaita majirani wamsaidie kuhamisha cherehani kutoka sebuleni hadi chumbani, ubavuni mwa kitanda. Mume alilalamika.

"Kelele zote hizo! Na wateja utawapimia wapi?"

"Watapimiwa sebuleni. Wewe nisomee gazeti."

"Leo ndiyo unataka habari?"

"Ya jana yamepita. Soma."

Ikawa ndiyo desturi yao. Yeye anashona, mume anasoma. Sauti iliyokuwa ikijaza nyumba za watu sasa ilikatika katikati ya sentensi, ikitafuta pumzi. Kila ilipokatika, mshonaji aliondoa mguu kwenye pedali, akangoja. Ikirudi, naye anakanyaga.

Alasiri moja mume alisinzia akiwa bado kwenye habari za mpira, gazeti limemlalia kifuani. Mshonaji alisikiliza pumzi zake, akaona ni za usingizi tu. Akamwondolea miwani, akachukua sindano, akamalizia pindo la gauni kwa mkono.