Kitalu cha Mwezi Gizani

Mama mkwe alikuwa njiani anarudi kutoka kumuuguza dada yake, na mke wa mwanawe alikuwa tumbo joto tangu alipoamka. Nyuma ya nyumba, kitalu cha nyanya kilikuwa kimeota chote, kijani kibichi, bila aibu.

Hapo ndipo penye kesi. Katika nyumba hii mbegu haiingii udongoni mpaka mwezi uandame. Marehemu baba mkwe aliwahi kusia kabichi mwezi ukiwa gizani, zikagoma kuota, na mkewe akamnunia. Si kununa kwa wiki, la. Mzee alihamia stoo, akafia humo bila kuambiwa hata "pole". Sasa kama mume aliyezaa naye alifanywa hivyo, mkwe wa juzi angepona?

Wala hakuwa mkaidi, maskini. Paa lilivuja, pakiti ikalowa chepechepe, na mbegu iliyolowa haimsubiri mtu. Akazisia gizani, roho mkononi. Kwanza aliogopa hazitaota. Zilipoota akaogopa zaidi, maana kila zikirefuka zilizidi kumchongea.

Lango likalia. Mama mkwe hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kitaluni, mkoba ukiwa bado begani.

"Hizi umezisia lini?"

Jasho jembamba likamtoka mkwe. "Nisamehe, mama. Mwezi ulikuwa haujaandama. Pakiti ililowa, nikaona zitaoza."

Akafumba macho kuusubiri moto. Alipoyafumbua, mama mkwe alikuwa amechuchumaa, anapapasa mche mmoja mmoja, anatafuta ulio mgonjwa. Hakuupata.

"Zote zimeota?"

"Zote, mama."

"Baba yenu aliniapia kuwa kosa si la mwezi, mbegu zake za kabichi zilikuwa zimezeeka. Nikamwambia aniondolee visingizio vyake."

Akaanza upya na mche wa kwanza, haraka haraka, kama aliyepoteza kitu. Mkwe hakuwahi kumwona mwanamke huyu akiogopa kitu, na kumwona hivyo kulimtisha kuliko matusi yote aliyokuwa amejiandaa kuyapokea.

"Zitanyauka hizi," mama mkwe akasema, akimkamata mkono kwa nguvu. "Si ndiyo, mwanangu? Niambie zitanyauka."

Mkwe, aliyezoea kuitikia kila neno katika nyumba hii, safari hii alichuchumaa kando yake, na kwa mkono uliobaki akakusanyia udongo shina la mche wa karibu.